Chumvi ya Mama Mkwe Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wa mke wangu niliuona kwanza kwenye nguo. Nilimshonea gauni la Idi kwa vipimo nilivyovijua kwa moyo, na alipolijaribu mikono ikamkaba. Nikadhani nimekosea kukata. Nikalifumua, nikaongeza nafasi kila upande, akalivaa siku ya Idi akapendeza, na wiki mbili baadaye likawa halimpiti kiunoni. Nikasema moyoni kwamba amenenepa. Nikafurahi, maana mtoto wetu wa kike alikuwa ameachishwa ziwa karibuni, na mke akinenepa watu humsifu mume.

Tulikuwa tunakaa Kisarawe, katika miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Kwetu ni Mbwawa, upande wa Kibaha, lakini kazi niliipata Kisarawe, kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja aliyeniruhusu kuweka cherehani yangu ili wanunuzi wake wa vitambaa wasihangaike kutafuta fundi. Mke wangu alikuwa mtoto wa Kibuta, mtu wa kucheka, ambaye hata akikuna nazi peke yake jikoni ungemsikia akijichekesha kwa jambo alilolikumbuka.

Asubuhi moja aliniuliza kama uso wake una kitu. Nikamtazama. Macho yalikuwa yamefumba nusu, ngozi chini yake imejaa kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Alisema labda ni moshi wa kuni. Kufika adhuhuri uso ulikuwa umepungua, lakini jioni miguu ndiyo iliyojaa, na nilipomgusa juu ya kifundo kidole changu kikaacha shimo. Tulikaa tukilitazama shimo lile mpaka likajaa lenyewe, polepole. Yeye akacheka. Mimi nikacheka pia, kwa kuwa alicheka.

Majirani walisema ni safura, wengine wakasema ni mimba ya mapacha. Yeye aliipenda hiyo ya mapacha. Alikunywa dawa za mizizi za safura kwa mwezi mzima, huku akiwachagulia pacha wake mahali pa kulala, na tumbo likazidi kukua, lakini halikuwa na mtoto ndani. Ndipo nikampeleka zahanati.

Pale zahanati palikuwa na dresa mmoja, yaani mganga msaidizi, mtu mzima wa makamo, mpole, aliyesomea kazi yake mjini na kuifanya bila haraka. Alimwomba mke wangu mkojo kwenye chupa ndogo. Akautia kwenye kijibomba cha kioo, akaupasha moto juu ya taa ya spiriti, akadondoshea siki. Mkojo ukageuka mweupe. Uliganda ndani ya kioo kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Dresa aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema si safura wala si mimba, ni figo.

Nilizijua figo za mbuzi tu, zile unazopewa kwenye sahani kama heshima. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ninazo na zina kazi. Dresa alinieleza barazani, mke wangu akiwa amepumzika ndani. Alisema damu yote ya mtu hupita kwenye figo, tena na tena, mchana na usiku. Zinaichuja. Karibu maji yote na karibu chumvi yote zinavirudisha mwilini, na kile kilichozidi tu ndicho kinachotoka. Ukila samaki wa chumvi, zitakuacha na kiu mpaka unywe, kisha zitaitoa chumvi ile pamoja na maji yake. Ukishinda juani bila kunywa, zitabana, mkojo utakuwa kidogo na mzito. Hakuna anayeziamuru. Za mke wangu, alisema, zimeharibika mahali pa kuchujia. Zinavujisha kile ambacho damu inakihitaji, na chumvi ambayo zingeitoa zinaing'ang'ania. Na chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki nayo, ndiyo hayo ninayoyaona miguuni.

Nilimuuliza dawa. Akaniandikia barua ya hospitali ya Dar es Salaam.

Tulipanda lori la abiria, yeye kakaa mbele kwa dereva kwa sababu ya miguu. Hospitali walimlaza wiki tano. Daktari alikuwa Mzungu kijana mwenye kusema upesi, na maneno yake yalinifikia kupitia kwa mkalimani aliyeonekana kuyafupisha. Walimchoma sindano, na siku mbili zilizofuata mke wangu alikojoa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukojoa. Uvimbe ukashuka kama kitu kilichotobolewa. Nilipokwenda kumwona alinyoosha miguu yake kitandani ili niione, miguu ya siku za harusi yetu, myembamba, yenye mifupa. Akaniambia nimrudishie gauni la Idi katika vipimo vyake vya zamani. Siku ile nilirudi nilikofikia nikiamini tumeshinda.

Daktari hakuniambia tumeshinda. Aliniambia masharti. Asile chumvi, hata ya kuonja. Kila siku apime mkojo wake kwenye chupa, na kesho yake anywe kiasi kile kile na kikombe kimoja juu yake, asizidishe. Sindano nyingine zitakwenda kwa dresa wa Kisarawe, amchome uvimbe ukirudi. Nikamuuliza mkalimani kama kwa njia hiyo atapona. Mkalimani hakumtafsiria daktari swali langu. Alisema, "Fuata masharti, bwana," basi.

Mama yake mke wangu alikuja kutoka Kibuta kumuuguza. Nilimheshimu sana, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mkwe wako, kwetu, humtazami machoni wala huketi naye mkeka mmoja. Akipita uani unajivuta pembeni. Sasa mimi nilitakiwa nimwambie mama huyo mambo ya mkojo wa binti yake, na nimkataze namna ya kupika. Sikuweza. Nilimwambia mke wangu amwambie, na yeye akamwambia kwa mzaha, kama alivyosema kila kitu. Chupa ilikuwa ya siki, niliifungia nyuzi nyekundu kwa nje kuonyesha vipimo. Tulikubaliana iwekwe nyuma ya mlango wa chumba, na kila asubuhi niikute pale, niangalie imefika uzi wa ngapi, nimwage, nioshe. Mkwe wangu alijua ninafanya hivyo. Saa hiyo alikuwa anatoka kwenda kuokota kuni hata kama kuni zimejaa jikoni.

Kwa wiki tatu chupa ilifika uzi wa nne, wa tano. Halafu ikaanza kushuka. Uzi wa tatu, uzi wa pili, na macho ya asubuhi yakaanza kufumba tena. Mke wangu alikula na mama yake, mimi nilikula peke yangu barazani, kutoka chungu kingine. Siku moja, wote wawili wakiwa uani, niliingia jikoni kama mwizi na kuchovya kidole kwenye chungu cha mchicha cha mke wangu. Kilikuwa na chumvi. Si nyingi, lakini ilikuwemo.

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mchana kutwa bila kujua ninashona nini. Kumwambia mkwe wangu sikuweza, na kunyamaza sikuweza. Mwishowe nilimwomba dresa aje nyumbani kama aliyepita tu. Akaja, akaamkiana naye vizuri, akamweleza kwa adabu kwamba chumvi kwa mgonjwa huyu ni maji, na maji yakizidi yatapanda mpaka kwenye mapafu. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Mkwe wangu akasema kwamba amezaa watoto saba na kuzika watatu, na hajawahi kumpa hata mmoja chakula kisicho na chumvi. Alisema mtoto wake alikuwa anakula tonge mbili na kusukuma sahani. Alikuwa anakonda mabega huku miguu inanenepa. Mama gani angekaa akaangalia hilo? Dresa alimwambia anaelewa. Mama mkwe akaahidi, na naamini alitimiza ahadi yake, maana mke wangu aliacha kula kabisa kwa siku mbili.

Chumvi ilikuwa nusu ya vita. Nusu nyingine ilikuwa maji. Uzi wa pili na kikombe kimoja, katika joto la Kisarawe kabla ya mvua za vuli, si kitu. Nilihamisha mtungi kutoka chumbani nikauweka barazani kwetu, karibu na cherehani yangu, ambayo kwa ajili ya kumuuguza nilikuwa nimeihamishia nyumbani. Hakuwahi kunigombeza. Aliniomba kwa upole, kama mgeni, akiniita baba mtoto, na mimi nikamwambia ngoja mpaka alasiri, na alasiri ikifika nampa robo kikombe na yeye anayazungusha maji mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kumeza. Kisha nikagundua kwamba ameanza kutia udhu mara nyingi. Kabla ya kila sala, na baina ya sala, akisema udhu umetenguka. Nilimwona anasukutua mara tatu kama inavyopasa, na koo lake likasogea mara tatu. Nilijua. Lakini nitamwambiaje mtu asitie udhu? Nilichofanya ni kumjazia birika nusu. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikikumbuka mwaka ule: mimi nikimimina maji kwenye birika na kuacha kabla halijajaa, na yeye akiniangalia nikiacha.

Dresa alimchoma sindano ya kwanza, na baada ya wiki moja akamchoma ya pili, kisha ya tatu. Chupa ikajaa. Ikafika uzi wa juu kabisa, ikabidi nitafute chupa nyingine. Nilipima miguu yake kwa futi yangu ya kushonea, juu ya kifundo, nikaona kila siku inapungua upana wa kidole. Nilimwambia Mhindi, nikawaambia wateja. Nilisema, masharti haya ukiyafuata yanafanya kazi. Dresa naye aliitwa vijijini kwenda kuchanja watu ndui, akaniachia neno moja, tuendelee vile vile mpaka arudi.

Tukaendelea vile vile. Uvimbe ulikwisha wote, na chupa zikazidi kujaa. Hapo ndipo ningepaswa kuona. Macho yaliyokuwa yamefumba yakaanza kuzama. Alipoinuka alishika ukuta na kusema nyumba inazunguka. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka vidole vikajikunja, na mama yake akawa anayakanda mashavu ya miguu yake kwa mafuta ya nazi. Ulimi ulikauka. Akaanza kujibu maswali baada ya kitambo, kama anayeitwa kutoka mbali. Mimi niliangalia miguu yake myembamba na chupa zilizojaa, nikajiambia ugonjwa unatoka. Sharti lilisema hakuna chumvi. Hakuna aliyeniambia sharti hilo linaweza kugeuka.

Siku ya nne ya hali hiyo, mchana, mkwe wangu alitoka jikoni amebeba bakuli. Hakupita nyuma ya nyumba kama kawaida yake. Alikuja moja kwa moja barazani nilipokaa, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni. Ndani ya bakuli palikuwa na mchuzi wa ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Harufu yake ilitosha.

"Baba," aliniambia, "leo utaniwia radhi. Leo simfichi mtu. Mwanangu anakauka, na mimi namnywesha huu mchuzi. Ukitaka kunizuia, nizuie."

Sikuinuka. Nilitaka kusema neno, nikaangalia chini kama adabu ilivyonifundisha, na alipoona sisemi akaingia chumbani. Nilimsikia akimbembeleza mke wangu, nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nilijua ninamwachia amuue. Nilibaki nimekaa.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikaa kitandani mwenyewe akaomba achanwe nywele. Kesho kutwa alisimama. Misuli iliacha kumkaza. Alimwita mtoto wetu, akamchekesha, na mimi nikasikia kicheko hicho nikiwa kwenye cherehani na sikujua nifurahi au nione haya. Mkwe wangu alirudi kupita nyuma ya nyumba.

Dresa aliporudi nilimweleza yote. Alivua miwani yake na kuifuta. Alisema figo zilizochoka hazina msimamo. Zinaweza kuishika chumvi mwezi huu mpaka mtu avimbe, kisha, kwa sindano au kwa kuchoka zenyewe, zikaiachia yote mpaka mtu akauke. Mwili hauwezi kuishi na chumvi nyingi na hauwezi kuishi bila chumvi. Figo nzima zinajua kila saa zishike kiasi gani. Hizi zimesahau, kwa hiyo ni sisi tunaotakiwa kujua badala yao.

Nilimuuliza, "Tutajuaje?"

"Kwa miguu yake, na kwa chupa, na kwa kiu yake," alisema. "Na tutakosea, fundi. Nakuambia mapema."

Basi tukajaribu kuwa figo za mtu. Kwa miezi mitano, fundi cherehani, mama wa Kibuta na dresa mmoja. Kila asubuhi nilipima miguu, nikaangalia uzi, nikamtuma mtoto wa miaka mitatu jikoni kwa bibi yake na ujumbe. Kidole kimoja maana yake leo usitie, vidole viwili maana yake tia kiasi cha kucha. Mtoto alidhani ni mchezo. Mkwe wangu alitii vidole vile kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao. Na bado tulikosea. Tulimpa siku ya kumnyima, tukamnyima siku ya kumpa. Jambo ambalo mwili wangu ulikuwa unalifanya wakati nimelala, bila hata mimi kujua, sisi watatu hatukuweza kulifanya tukiwa macho.

Kufika kipupwe chupa ilianza kupungua tena, na safari hii sindano hazikuiongeza. Uzi mmoja. Nusu uzi. Ngozi ikawa inamuwasha mpaka akawa anajisugua ukutani. Kwikwi zikamshika, zisizoisha kwa maji wala kwa kushtuliwa. Pumzi yake ikawa na harufu ambayo sikuijua, na chakula, chenye chumvi na kisicho na chumvi, kilirudi. Dresa alichoma sindano ya mwisho na kuniambia waziwazi kwamba hatachoma nyingine, kwa sababu dawa inaamuru figo zifanye kazi, na hizi hazisikii tena. Nikamuuliza kuhusu Dar es Salaam. Alisema naweza kumpeleka, na kwamba angekuwa yeye, angempeleka kwao.

Tulimbeba kwa machela mpaka Kibuta, watu wanane wakipokezana, na mkwe wangu akitembea kando akimfukuzia nzi kwa kipande cha khanga. Aliishi siku tisa nyumbani kwa mama yake. Siku mbili za mwanzo aliomba maji, nami nikampa, vikombe vilivyojaa, vyovyote alivyotaka. Hakunywa hata kimoja akamaliza. Baadaye alilala tu. Alifariki alasiri, mtoto akiwa amelala ubavuni pake, na ilichukua muda kabla sijajua ni pumzi ya nani ninayoisikia.

Baada ya arobaini nilijiandaa kurudi Kisarawe. Mkwe wangu alinifuata njiani hadi nje ya ua. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu, akiangalia pembeni.

"Baba," alisema, "ile ya kwanza, niliyoitia kwa siri. Ndiyo iliyomuua?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nilimwambia nitamuuliza dresa.

Nilimuuliza. Dresa alisema ile chumvi ya kwanza ilimdhuru na ile ya pili ilimpa miezi. Alisema masharti yangu nayo yalimsaidia na kisha yakamdhuru. Figo zilikuwa zinakufa toka siku ile alipoona mkojo umeganda kwenye kioo, na alilijua hilo, na hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimevaa uso wa mtu anayesubiri dawa. Akaniomba radhi. Nilimshonea kaptura mbili za kazi nikampelekea, na hatukuzungumza tena habari hiyo.

Jibu la Kibuta lilinichukua mwezi mzima kulipeleka. Nilitafuta namna ya kumweleza mama yule kwamba alikosea mara moja na akapatia mara moja, na kwamba mimi pia, na kila nilipolipanga neno lilionekana kama hukumu. Nilipofika nilimkuta anapukuchua mahindi, mtoto wangu kakaa katikati ya magunzi. Nilimwamkia, akaitika. Nikasema, nikitazama chini, kwamba dresa amesema hapana, si ile chumvi.

Aliendelea kupukuchua. Baada ya muda alisema, "Ahsante kwa kuniambia hivyo," na kwa jinsi alivyolisema neno hivyo nilijua hakuniamini.

Mtoto nilimwachia. Alihitaji mtu wa kulala naye, na mimi nilikuwa na cherehani tu. Mwaka uliofuata niliihamishia Mbwawa, kwetu, nikawa nakwenda Kibuta kila baada ya mavuno kumwona. Mama mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamlea mjukuu wake mpaka akaolewa, na katika miaka hiyo yote tuliulizana habari za mvua, za mihogo na za mtoto, basi.